Zile pembe za sebuleni

Binti yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Umeuliza jambo moja tu: uende kuwinda nyati msimu ujao, ukiwa na miaka 37 na watoto bado wadogo, au usubiri wamalize shule, uwe na akiba na utulivu? Nilidhani nitakujibu kwa mistari minne nikalale. Sasa ni saa sita usiku, na mama yako ameshaniita mara mbili.

Nianze na huo utulivu, maana ndio ulioniponza. Utulivu unakuja, sikatai. Unakuja siku moja na maumivu ya mgongo. Unajua msemo wangu, ule mnaonicheka nao wewe na kaka zako kila nikiufungulia mdomo: hamu haizeeki, magoti ndiyo huzeeka. Chekeni tu. Mimi leo nikiona picha ya nyati mwili unanisisimka kama nilivyokuwa na miaka 25, kisha nainuka kwenye kiti kwa kushika meza.

Na si magoti peke yake. Daktari wangu aliniambia kwamba uwezo wa mwili kutumia hewa hupungua kiasi cha asilimia 10 kila miaka kumi, kuanzia kwenye thelathini hivi, na anayefanya mazoezi hupungukiwa polepole zaidi. Nilimuuliza kama kuna njia ya kuusimamisha kabisa. Akacheka, akaendelea kuandika dawa zake.

Milango nayo hufungwa hata ukiwa mzima. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mtu aliyekuwa akijiwekea akiba ya safari hiyo akabaki na akiba. Lakini huhitaji kwenda mbali, baba yako mkubwa unamjua. Yeye alitaka Botswana, upande wa Okavango, tangu wewe ukiwa shule ya msingi. Kila mwaka alikuwa na sababu, na zote nzuri: mara paa la nyumba, mara ada, mara mama mkwe. Alipokuwa tayari, ikaja Januari 2014, Botswana wakasimamisha uwindaji, ukabaki kwenye mashamba ya watu binafsi tu. Akasema atasubiri. Mwaka 2018 akapata kiharusi. Mwaka 2019 Botswana wakafungua tena. Mimi ndiye niliyempelekea habari hiyo. Alinisikiliza, akaugusa mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaniuliza kama nimekunywa chai. Mpaka leo sijui kwa nini nilikwenda kumwambia.

Mlango ule ulipofungwa mwaka 2014 ndipo nilipoanza kuhesabu siku zangu mwenyewe. Miaka mitatu baadaye nikaenda, nikiwa na miaka 61. Lakini safari ile ilikuwa niifanye nikiwa na miaka 36. Hilo hamlijui vizuri. Nilikuwa nimeshapata kibali na mtu wa kuniazima bunduki, kisha wewe ukaugua, una miaka minne, ukalazwa wiki tatu. Nikaahirisha. Sikulaumu, tusielewane vibaya, na likijirudia nitafanya vilevile. Ila nikiwa mkweli, mwaka uliofuata hukuwa mgonjwa, na sikwenda. Wa tatu yake pia. Nilikutumia wewe kama kisingizio kwa miaka kama kumi hivi, hata kwenye vikao vya ukoo, na watu wakaniona baba mwema.

Sasa nikueleze kuhusu zile pembe za sebuleni, ambazo wanao hutundikia kofia.

Ilikuwa siku ya nne. Alfajiri tulikuta nyayo kwenye tope, kando ya dimbwi: madume matatu mazee, ya yale yanayojitenga na kundi yakabaki yakinung'unika yenyewe kwa yenyewe. Msoma nyayo wetu alikuwa kijana mwembamba, mchache wa maneno. Alitia kidole kwenye kinyesi kupima joto lake, akaonyesha mkono upande wa vichaka, tukaanza. Saa kumi na mbili na nusu hiyo. Mwindaji bingwa alikuwa na kifuko cha majivu, anakitikisa kila baada ya hatua chache. Majivu yakiturudia usoni tunaendelea, yakienda mbele yetu tunazunguka, maana nyati akipata harufu yako kazi ya siku imekwisha. Ile bunduki ya .375, yaani upana wa risasi yake kwa inchi, ambayo nchi nyingi zimeiweka kuwa ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa kwa mnyama wa hatari, ina kilo nne na ushei. Asubuhi ni kilo nne. Ikifika saa nne ni mtoto aliyekulalia begani, na kila hatua anazidi kulala.

Kwenye saa tano goti la kulia likaanza kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Sikusema. Mara kijana akasimama, akagusa sikio lake. Mwindaji bingwa akatikisa kichwa kukubali. Mimi sikusikia kitu, nikajifanya nimesikia. Baadaye nikaelezwa kwamba ni wale ndege wala kupe wanaokaa mgongoni mwa nyati. Wana sauti nyembamba ya kukwaruza, nao ndio wanaokwambia nyati yuko nyuma ya kichaka kabla hujamwona. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka masikioni, hasa kwa mtu aliyefyatua bunduki ujana wake wote bila kuziba masikio. Tulikuwa tunaona kuziba masikio ni uoga.

Yakasimikwa magongo matatu ya kulengea. Hatua sitini. Dume limesimama ubavu, tope limelikaukia mpaka tumboni, na paji la pembe limechakaa kama jiwe la kunolea visu. Mahali pa kulenga unapajua, nilikuchorea kwenye boksi la viatu ukiwa sekondari: panda na mguu wa mbele, ukome kwenye theluthi ya chini ya kifua. Nilipajua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Lakini kifua changu mwenyewe kilikuwa kinapanda na kushuka, na mdomo wa bunduki unapanda na kushuka nacho. Miwani imejaa jasho. Nikajiambia, ngoja pumzi irudi. Kijana pumzi humrudia kwa dakika moja. Mimi nilihitaji tano, na lile dume lilikuwa limeshaanza kuinua pua. Nikafyatua.

Shubiri moja nyuma, upana wa kiganja kilichotanuliwa. Shubiri moja tu, binti yangu, nyuma ya pale nilipopataka.

Nyati aliyejeruhiwa huingia kwenye kichaka kizito, na mara nyingi hugeuka akasimama kando ya njia aliyopita, anawasubiri mnaomfuata. Kila mtu pale alilijua hilo. Tukakaa kama nusu saa. Kisha mwindaji bingwa akaniinamia, akasema kwa upole kabisa: "Mzee, wewe baki hapa na kijana wa maji. Tunarudi sasa hivi."

Nimeitwa mzee tangu nina miaka arobaini, na nililipenda hilo neno. Siku ile lilinichoma. Nikainuka kubisha, goti likacheza mbele ya macho yao. Nikakaa.

Saa moja na dakika arobaini nilikaa chini ya ule mti. Kijana wa maji hakunitazama hata mara moja, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo. Zikalia risasi mbili, zikafuatana. Kimya. Kisha moja. Halafu ule mlio mrefu wa nyati anayekata roho, kama ng'ombe anayeita kutoka ndani ya pipa. Wakaja kunichukua. Wakaniweka nyuma ya pembe, wakanipa bunduki, ikapigwa ile picha mnayoijua. Itazameni vizuri siku moja, ukingoni kushoto: yule msoma nyayo ana mchubuko mbichi kutoka sikioni mpaka kidevuni. Alijirusha kwenye miiba lile dume lilipotoka. Alikuwa na umri kama wako wakati ule, na mtoto wa miezi mitano nyumbani. Kwa ajili ya shubiri yangu.

Nami nikaja nikasimama kwenye harusi ya mdogo wako, mbele ya wakwe, nikasema "risasi moja". Mama yako aliinamisha macho kwenye sahani. Yeye nilimwambia usiku uleule niliporudi. Ninyi watoto ndio sikuwaambia.

Kwa hiyo mtu atasema: umekwishajibu, mzee unamwambia aende. Polepole. Kuna upande mwingine, na nimekuwa nikiugeuza tangu saa tatu usiku. Ningekwenda na miaka 36, pumzi ningekuwa nayo, lakini akili? Nilikuwa na haraka, nilipenda kusifiwa. Huenda shubiri ile ningeikosea kwa kiburi badala ya kuikosea kwa uchovu, na yule kijana angejirusha miibani vilevile. Subira huvuta heri. Na hapohapo, ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga walituachia zote mbili wakaenda zao, hawakusema ipi ni ya lini.

Ila wewe si mimi. Wewe ukiwa na miaka 16 uliwahi kushusha bunduki kwa sababu kanga alikuwa amekaa karibu mno na mwenzake, nami nikakukaripia mbele ya watu kwa kupoteza nafasi. Nilikuwa mimi mkosaji siku ile. Sidhani kama niliwahi kukwambia.

Basi nikuachie ninayoyajua kwa hakika, hukumu tuiweke kando. Kama hamu yako ni ya maisha na si ya nyati mmoja, zipange safari kwa kufuata mwili. Vya kupanda vitangulie. Nyala wa milimani, mnyama wa jamii ya tandala, ambaye hapatikani kwingine ila nyanda za juu za Ethiopia, wengi wao huishi juu ya mita 3,000, na huko hewa yenyewe ni haba. Ukivuka mita 2,500 hata kijana mzima anaweza kuumwa kichwa na kutapika. Huyo si wa kuwekewa kiporo mpaka kustaafu. Nyati ni wa katikati, ni wa miguu. Nzohe, yule swala wa majini, wa vinamasi vya Bangweulu kule Zambia anaweza kungoja, kwa sababu wengi humvizia alfajiri wakiwa juu ya jukwaa, na kukaa juu ya jukwaa hata mimi bado nakuweza mkinipandisha. Ndege utawapiga mpaka uzeeni. Mimi nilianza na ndege nikamalizia na nyati, nikaupanga mlima wangu kinyumenyume.

Ziba masikio, hata uwanja wa kulengea, hata risasi moja. Zoea kulenga ukiwa umechoka: panda ngazi mbio, kisha shika bunduki, uone mdomo wake unavyocheza. Mimi nilifanya mazoezi nimepumzika, nikiwa nimeegemea benchi, nikapiga vizuri mno, ndiyo maana nikajidanganya. Na kuteremka ndiko kunakoua magoti kuliko kupanda, basi viatu vivunjwe ukali nyumbani miezi mitatu kabla. Jambo la mwisho ndilo kubwa: pumzi isiporudi, shusha bunduki. Mwache aende. Wakununie wote, uliowalipa na uliowaleta. Uliwahi kulijua hilo na miaka 16, nami nikakuharibia.

Kuhusu watoto, mumeo yupo, na sisi tupo. Mama yako anasema wale wawili wanamtosha kwa wiki mbili, ya tatu hana uhakika. Mjukuu wa kwanza akiuliza uko wapi nitamwambia ukweli, safari hii.

Hukumu sitoi. Mama yako amenikataza, anasema neno langu kwako ni zito mno, utalibeba hata kama moyo hautaki, na siku likitokea la kutokea nitajilaumu mpaka kaburini. Ana haki. Kweli ana haki. Niliandika neno moja mwanzoni mwa aya hii nikalifuta, nikaliandika tena, nikalifuta tena. Karatasi imechubuka kidogo. Usiishike kwenye mwanga.

Kaka zako usiwaambie bado, nitawaambia mwenyewe wakija mwisho wa mwezi. Yale magongo yangu ya kulengea yako nyuma ya kabati la barazani, yamefungwa kwa kamba ya mkonge. Niliyakata kwa urefu wa bega langu, na wewe ni mfupi kwangu kwa viganja viwili hivi. Yajaribu kwanza ukiwa umevaa viatu vya pori, ndipo uyakate. Na msumeno uuazime, wa kwangu umekuwa butu.

Baba yako