Wati 2,000 za jenereta zitatosha trela ya kambi?

Kwa friji ndogo, feni, taa na kuchaji simu, zatosha kabisa ndugu yangu. Chukua jenereta ya aina ya inveta, kelele zake ni chache, wenzio wa kambi huko Diani walale. Ukitaka kiyoyozi, hesabu yabadilika: kompresa ikianza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishatulia, na namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kilele cha muda mfupi tu. Uliza wati za kudumu. Iwe ya volti 240, hezi 50. Nyingi za Marekani ni 120. Iweke mita 6 au zaidi kutoka trela, ekzosi ielekee kwingine. Kaboni monoksidi haina harufu, huua watu usingizini.