Re: Picha tu inaweza kuingiza kirusi?

Kaka, umeuliza kama picha ya WebP (aina ya picha za mtandaoni) inaweza kudhuru kompyuta za kafe yako pale Wandegeya bila mteja kubofya chochote. Inaweza. Kuna tundu la usalama, namba yake CVE-2023-4863, lililotangazwa Septemba 2023, nalo lilikuwa ndani ya libwebp, programu ndogo inayofungua picha hizo. Picha iliyopikwa makusudi huifanya iandike data nje ya nafasi iliyotengewa kwenye kumbukumbu, na hapo mshambuliaji anapenyeza amri zake. Chrome, Edge na Firefox zote ziliguswa, maana zinakula chungu kimoja.

Usitegemee antivirusi, sasisha kivinjari. Kwenye Chrome bofya vidoti vitatu, kisha Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome, uangalie toleo. Likiwa 116.0.5845.187 au jipya zaidi, tundu hili limezibwa. Baada ya kusasisha, lazima ukifunge kivinjari na kukifungua upya, la sivyo kiraka (marekebisho ya tundu) hakifanyi kazi (mimi nilikaa wiki nzima nikidhani nimemaliza, na MB zangu zimeshaliwa).

Zinazonitia wasiwasi ni zile mashine zako za Windows 7. Chrome huko iliishia toleo la 109, halihudumiwi tena. Weka Firefox ESR (toleo la Firefox linalohudumiwa kwa muda mrefu) ya mfululizo wa 115, yaani 115.2.1 au jipya zaidi katika mfululizo huo, na mteja wa mambo ya benki mpeleke mashine nyingine.