Kasi si ujuzi, jamani

Wadogo zangu mnaoingia kwenye timu za programu za kujifunzia, nimelipitia toleo lenu jipya. Mmejitahidi, ila lile kosa la kale la kupima ujuzi kwa kasi limerudi.

1. Ondoeni muda kwenye modeli, yaani ile sehemu ya programu inayokadiria kiwango cha mtoto. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Tulikuwa na programu ya hesabu iliyopandisha na kushusha kiwango kwa kuangalia jibu na muda uliotumika. Kigezo cha muda nilikiongeza mimi, tena kwa mbwembwe, maana grafu zilipendeza mno. Siku ya majaribio nikakaa nyuma ya binti mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno. Swali la mafumbo lilijaza nusu ya kioo. Alisoma kwa kidole, akarudi mstari wa kwanza, midomo ikimcheza, akajibu. Akapata. Mfumo ukaona amechelewa, ukamshusha. Swali la pili, vilevile. Mwishowe akaletewa bata watatu, ajumlishe na wawili. Akanigeukia: "Hii si ya mdogo wangu?" Akaigeuza tableti kifudifudi. Nikabaki nimetoa macho. Nilidhani napima hesabu, kumbe napima usomaji.

Tena kwenye lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, Kiswahili na Kifini zikiwemo, disleksia hujitokeza zaidi kwa kusoma polepole kuliko kwa kukosea maneno. Kwa hiyo saa inamwadhibu yule yule tuliyedai kumsaidia.

2. Kitufe cha kusomewa swali kiwepo kila ukurasa, bila mtoto kutafuta pointi kwanza ndipo akipate.

3. Nafasi. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, wenye ulemavu wakiwemo, unataka kurasa zisivurugike mtumiaji akitanua nafasi ya mistari hadi mara 1.5 ya ukubwa wa herufi. Jaribuni kwenye simu ya kioo kidogo, si kwenye kompyuta zenu za kifahari. Na ule ubishi wa fonti maalumu za disleksia msiniletee tena. Zimejaribiwa, faida yake haijathibitika. Kuachanisha herufi kuna ushahidi bora.

4. Mtoto akikwama, badilisheni njia kabla ya kiwango: sauti, mchoro, sentensi fupi. Hesabu ibaki ile ile. Juzi mmoja wenu kaniambia watoto "watazoea kudekezwa." Nikamfungulia kumbukumbu za yule aliyeshushwa hadi kwenye bata, akaziona alama zake zote za vema. Kanyamaza mpaka chakula cha mchana.

Halafu aliyeweka kipima muda chekundu kinachowakawaka kwenye kona ya kioo, aje mezani kwangu leo. Sitagomba. Sana.