Malipo ya kuumia kazini yaliyokatwa kimakosa, Uingereza

Dada, umeuliza kama mzee wako kule Uingereza, aliyeshastaafu, amechelewa kudai malipo ya kuumia kazini yaliyokatwa kimakosa. Hajachelewa. Kwa kawaida una mwezi 1 tu wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, lakini kosa likiwa la DWP (wizara ya kazi na pensheni ya huko) wenyewe hurekebishwa wakati wowote. Barua yake iseme hivyo waziwazi, na kwamba yeye hakuchangia kosa hilo.

Ila kwanza atazame kilichokatwa ni kipi. Industrial Injuries Disablement Benefit, yaani malipo ya ulemavu uliotokana na kuumia au kuugua kazini, haikomi mtu akianza kupokea pensheni. Hulipwa pamoja nayo. Reduced Earnings Allowance, posho ya kufidia kipato kilichopungua kwa walioumia kabla ya Oktoba 1990, ni habari nyingine: mtu akifikia umri wa pensheni na kuacha kazi, hugeuka Retirement Allowance (posho ya kustaafu) na kushuka hadi robo au chini ya hapo. Hiyo ni sheria, japo inauma.

Na DWP wakisema walimzidishia malipo, asikimbilie kurudisha. Fedha hizi hudaiwa tu kama hakueleza jambo alilopaswa kulieleza au alitoa maelezo yasiyo sahihi. Barua zote azitunze, hata bahasha zenye mhuri wa tarehe. Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, watamsaidia kuandika, bure.