Jini Naye Apige Hodi

Miaka michache nyuma nilikuwa naandika hadithi ya mapenzi kwa sehemu, naituma kwenye kundi la WhatsApp kila Alhamisi usiku. Binti wa Ngamiani, hapa Tanga, anapendwa na jini. Usiku harufu ya udi inatangulia, jini anaingia chumbani, na asubuhi binti anaamka na ua la hina kiganjani ambalo hakulipaka. Wasomaji waliipenda mno. "Dada umetuacha pabaya," waliniandikia kila wiki, nami nikazidi kunogewa.

Kazi yangu ni ushonaji. Siku moja mteja wangu, dada wa miaka thelathini na kitu, alikuja kuchukua dera lake. Akalipa, akalikunja vizuri, ila hakuondoka.

"Dada'angu, huyo jini wako mimi ninaye," akasema. "Wewe unamsifia. Mimi nimekunywa dawa ya makombe ya kumtoa miaka minne."

Posa mbili zilikuwa zimevunjika, na nyumbani kwao kila mtu alishaamua sababu: ana jini mahaba, jini ana wivu, hataki aolewe. Nilibaki nimesimama na futi shingoni, sina neno. Usiku ule nikazisoma upya sehemu zote kumi na moja. Kila jini alipoingia, binti alikuwa amelala. Hakuulizwa hata mara moja. Nilikuwa nimeandika wizi, nikaufukiza udi, nikauita mapenzi.

Kama na wewe unataka kuandika mapenzi ya viumbe wasioonekana kwa kuchota kwenye hekaya za kale, hili ndilo ningependa ulijue kabla hujaanza. Huku pwani msomaji hamchukulii jini kama joka la kwenye katuni. Anaishi naye. Ana shangazi aliyepunga pepo, ana jirani asiyepita chini ya mbuyu fulani magharibi ikiingia. Unachokiandika kinamfikia mtu mwenye kidonda.

Nilichofanya ni kumfundisha jini wangu adabu ya kila mtoto wa hapa: kupiga hodi. Mgeni hubisha hodi mara tatu; asipokaribishwa, hurudi alikotoka. Nilipoweka sharti hilo, hadithi nzima ilihamia mlangoni. Binti yuko macho, anamjua aliye nje, na neno "karibu" liko kinywani mwake yeye peke yake. Sikudhani hodi moja ingeweza kubeba sehemu nzima, lakini iliibeba, na mapigo ya moyo ya wasomaji yalikuwa juu kuliko enzi za hina.

Baada ya hapo nikazirudia hekaya za Wagiriki kwa jicho jingine. Persephone anachuma maua, ardhi inapasuka, Hades mfalme wa kuzimu anamchukua kwa nguvu. Zeus, baba mtu, alishakubali. Mama hakuulizwa, binti hakuulizwa. Posa za namna hiyo tunazijua. Kisha Hades anamlisha punje ya komamanga, na kwa kuwa amekula chakula cha kuzimu, kila mwaka lazima arudi huko sehemu ya mwaka. Bibi yangu alikuwa akituonya vivyo hivyo: ukijikuta ugenini usikokujua, kwenye karamu ya watu usiowajua, usitie kitu mdomoni. Hakuwahi kusikia habari za Wagiriki. Lile komamanga ndilo nililolichukua, kwa sababu hapa Tanga tunalijua kwa mkono, wekundu wake haukutoki kwenye kucha. Ule unyakuzi nimeuacha hukohuko.

Hekaya ninayoipenda zaidi ni ya Psyche, aliyoisimulia mwandishi Apuleius katika karne ya 2. Mume wake humjia gizani tu, na sharti ni asimwone uso. Usiku mmoja anawasha taa, anamkuta ni Eros, mungu wa mapenzi. Tone la mafuta ya moto linamwangukia begani, anaamka, anaruka zake. Hapo ndipo hadithi inapoanza hasa, maana Psyche anamtafuta kwa jasho. Mama mkwe anampa rundo la nafaka zilizochanganywa azichambue kabla ya usiku kuingia, na wadudu chungu ndio wanaomsaidia. Mwanamke yeyote aliyewahi kuinamia ungo akitoa chuya ataielewa ile kazi bila kufafanuliwa.

Mara ya kwanza nilipoileta Tanga niliharibu. Nilibadilisha taa nikaweka koroboi, nikadhani nimemaliza. Msomaji mmoja akaniuliza jini anaunguaje kwa mafuta ya taa wakati mwenyewe ameumbwa kwa moto? Alinibana kweli. Kile chombo si kitu. Chukua mwiko, yaani lile katazo lililo ndani ya hekaya, kisha uutafutie sura inayokubalika hapa. Sasa mwiko wangu ni jina: binti haruhusiwi kumwita kwa jina lake mbele ya mtu wa tatu. Akimtaja, anamfunga. Hapo hata ugomvi wa kawaida na dada yake jikoni unakuwa na hatari.

Usisahau kumpa kiumbe wako mahali pa kufia. Shujaa wa hekaya zetu za pwani, Fumo Liyongo, hakudhurika kwa mkuki wala mshale, akauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeishika ni mwanawe wa kumzaa. Mpenzi asiyeweza kuumizwa hana cha kukupa.

Halafu kuna suala la dini, na hapa sina mzaha. Usiwapandishe majini daraja wakawa miungu midogo ya Pangani. Qurani ina sura nzima yenye jina lao, na humo wamo walioamini na walioasi. Hiyo peke yake ni hazina kwa mwandishi: jini wako ana dini, ana ukoo, ana mama asiyemtaka mkwe wa udongo. Majini wana aina zao: amua kama wako ni ruhani au subiani kabla hujaandika mstari wa kwanza, kwa sababu wasomaji watakuuliza.

Na binti naye apewe asili. Wa kwangu ni kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Nilimtoa kwenye habari za Mbega, mwindaji wa Nguu ambaye ndugu zake walimnyima urithi kwa kuwa kigego, akaja Usambara akawa mtawala. Mtu ambaye nyumba yake mwenyewe ilimwogopa tangu mdomoni ana sababu ya kusikiliza hodi ya usiku.

Kuhusu mahali, nenda. Usiandike Tongoni kwa picha za simu. Ni kusini mwa mji, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, nguzo nyingi zimeshaanguka. Nilikaa pale mpaka maji yakapwa. Kwenye kuta za makaburi kuna vishimo vya mviringo palipokuwa pamepachikwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa na majahazi. Mabakuli yameng'olewa, duara limebaki. Nilitia kiganja kwenye kimoja, chokaa ilikuwa baridi na jua lilikuwa kali. Jini wangu akapata makazi palepale. Amboni nako nilikwenda, ila ndani ya pango kuna mzimuni ambako watu bado wanapeleka marashi na nadhiri zao. Nilivua viatu, sikupiga picha, na sehemu ile sikuiandika.

Hadithi nimeianza upya kutoka mwanzo. Kabla ya kutuma chochote nilimpelekea kwanza yule mteja wangu, nikamwambia akiniambia niache, naacha. Alikaa nayo siku tatu. Sasa ndiye anayesoma kila sehemu kabla ya wengine. Wiki iliyopita nilimtumia sehemu ya tisa: usiku, mvua ya vuli, jini yuko barazani, amepiga hodi ya pili. Akanijibu kwa sauti, taratibu, nasikia na cherehani ya jirani nyuma yake: "Asimfungulie bado. Mwache kwanza aseme amefuata nini."