Bastola ya risasi baridi kwa mbio za skuli, niilete?

SWALI: Asalaam alaykum. Mie mwalimu wa michezo huku Wete, kila mwaka mbio tunaanzishia filimbi, watoto nusu hawasikii na nusu washaondoka zamani. Kaka yangu yuko Ujerumani anasema kule bastola za risasi baridi zinauzwa dukani tu bila kibali, akija ataniletea moja kwenye begi. Ntapata tabu kweli? Si mlio tu, risasi haitoki.

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu. Mwambie kaka aiwache hukohuko kwanza.

Hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari. Ujerumani ukishatimiza miaka 18 unainunua ikiwa ina muhuri wa PTB, yaani taasisi ya serikali yao ya vipimo, lakini ukitaka kutembea nayo mtaani, hata kama umeifutika ndani ya koti, lazima uwe na kibali wanachokiita Kleiner Waffenschein. Uingereza ndo usiseme, Februari 2025 polisi waliwapa watu wiki chache tu wasalimishe bastola za kampuni 4 za Uturuki kwa vile wahalifu walikuwa wanazigeuza zinatoa risasi za kweli. Sasa huo "mlio tu" wako wenzio hawaufanyii mzaha.

Huku kwetu Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mambo ya silaha yako kwa polisi, ruhusa ya duka la Ujerumani haikusaidii kitu mtu wa forodha akishafungua begi akakuta bastola nyeusi tii imelala juu ya zawadi za watoto. Skuli iandike barua, ifatanishe na picha na maelezo ya hiyo bastola, mpeleke polisi kabla kaka hajakata tiketi. Wakikubali mpewe kwa maandishi, na iwe mali ya skuli, si yako. Wakikataa, basi.

Na hata risasi isipotoka, gesi ya baruti inayofyatuka mdomoni mwa bastola inaua jamani, mwaka 1984 muigizaji Mmarekani Jon-Erik Hexum alijiwekea kichwani kwa mzaha bastola yenye risasi baridi, akafa.

Mie ningekuwa wewe ningemwendea fundi seremala aniunganishie vibao viwili kwa bawaba, nivipake rangi kali. Vinalia paa! Na wenye saa kule mwisho waangalie vibao vinavyogongana, wasingoje mlio, maana sauti kufika mita 100 inakula kama sekunde 0.3.