Uliza Ujibiwe: Nimeanguka Tena Palepale

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Kuna dhambi moja inanirudia. Nakaa wiki kadhaa salama, kisha naanguka palepale. Kila mara naungama, nalia, naahidi sitarudia. Siku hizi hata kupiga magoti naona haya, najiona kama ninamdanganya Mungu. Je, iko idadi ambayo mtu akishaifikisha Mungu huchoka naye? (Msomaji, jina tumelihifadhi)

JIBU: Amina. Idadi haipo, na usiitafute. Fungua kitabu cha Waamuzi, sura ya 2, mstari wa 11 hadi wa 19, uone mzunguko wenyewe: Israeli wanamwacha Bwana, wanatiwa mikononi mwa adui, wanaugua kwa mateso, Mungu anawainulia mwamuzi, yaani kiongozi wa kuwaokoa, mwamuzi anakufa, wanarudi kulekule na kuzidi. Sura zinazofuata zinataja hata miaka ya kutumikishwa: 8 chini ya mfalme Kushan-rishathaimu, 18 chini ya mfalme Egloni, 20 chini ya mfalme Yabini, 7 chini ya Wamidiani, 18 chini ya Wafilisti na Waamoni, kisha 40 chini ya Wafilisti. Jumla ni 111. Na kila mara mwokozi alikuja. Mara ile ya mwisho, sura ya 13, hatusomi hata kwamba walilia. Malaika alimtokea mke wa Manoa tu, akatangaza kuzaliwa kwa Samsoni. Huruma ilitangulia toba.

Lakini sura ya 10 isome polepole, maana inakuhusu. Mstari wa 6 unaorodhesha miungu waliyoitumikia, makundi saba: Mabaali, Maashtorethi, na miungu ya mataifa matano. Mstari wa 10 wanaungama, tena vizuri, wakiitaja dhambi yenyewe: tumekuacha, tumewatumikia Mabaali. Ungetegemea wasamehewe hapohapo. Badala yake Mungu anawahesabia mataifa saba ambayo alikwisha kuwaokoa mikononi mwao, kisha anawaambia hatawaokoa tena, waende wakaililie hiyo miungu waliyoichagua. Kwa nini ukali huo? Jibu liko mstari wa 16: baada ya maneno hayo ndipo wakaiondoa miungu migeni kati yao. Yaani walipokuwa wakiungama mara ya kwanza, sanamu zilikuwa bado zimo. Na walipoziondoa, imeandikwa kwamba roho yake ilihuzunika kwa ajili ya mashaka ya Israeli. Yule aliyesema hataokoa tena hakuvumilia kuwaona wakiteseka.

Basi nasi tunakuuliza: kati ya kuungama kwako na anguko linalofuata, ni kitu gani huondoka nyumbani? Kama hakuna kinachoondoka, machozi yako si ya uongo, ila kazi imeishia nusu. Mithali 28:13 inaweka mambo mawili pamoja, kuungama na kuacha, na rehema imeahidiwa kwa mwenye yote mawili.

Ukianguka, rudi siku hiyohiyo. Wengi hujiadhibu kwanza, wanaacha maombi siku tatu, wiki, wakingoja wajisikie safi ndipo wasogee. Hapo ndipo anguko la pili huwapata, maana mtu aliyekata tamaa huona kuongeza moja si kitu. Taja dhambi kwa jina lake. Walawi 5:5 ilimtaka mkosaji aungame jambo lile alilolikosa, na sala ya “nisamehe yote” haikuumizi mahali popote. Kisha rudi nyuma saa chache kabla ya anguko: ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi, umeshika nini? Mara nyingi mlango ni uleule. Ondoa hicho kabla hujalala: futa namba, rudisha ufunguo, badili njia. Usingoje Jumapili. Mwambie pia mtu mmoja aliyekomaa na asiyetoa siri, ndivyo Yakobo 5:16 inavyoagiza. Dhambi inayojirudia hustawi kwa kufichwa.

Na viapo acha. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiitimize. “Sitarudia kamwe” inakuongezea deni la pili juu ya la kwanza. Omba nguvu ya leo.

SWALI: Kama Mungu amenisamehe, mbona matokeo ya nilichofanya bado yananiandama?

JIBU: Kwa sababu msamaha hurudisha uhusiano, na matokeo yana njia yake. Katika Hesabu 14:20 Mungu anamwambia Musa kwamba amesamehe, na papo hapo kizazi kile cha Israeli kinaambiwa hakitaiona nchi ya ahadi. Wakazunguka jangwani hadi miaka 40 ikatimia. Daudi naye, 2 Samweli 12, aliambiwa dhambi yake imeondolewa, na mtoto akafa. Hata katika Waamuzi jambo hili limejificha: baada ya mwamuzi Othnieli nchi ikastarehe miaka 40, baada ya Ehudi 80, baada ya Debora 40, baada ya Gideoni 40. Baada ya Yeftha na Samsoni maneno hayo hayaonekani tena. Waliokolewa, ila madhara yalikuwa yamelimbikizana.

Yapo matokeo ambayo ni wajibu wako kuyatengeneza. Aliyedhulumu mali, kwa Walawi 6:5, alirudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano: aliyechukua mia alirudisha mia na ishirini, kwa mwenyewe aliyedhulumiwa. Kumpa Mungu sadaka ukiwa bado umeshika mali ya jirani ni kukwepa, na Mathayo 5:24 inamtaka mtu aiache sadaka madhabahuni aende apatane kwanza.

SWALI: Ndugu yangu hunikosea jambo moja kila mara, kisha huja kuomba radhi. Je, sabini mara saba maana yake nimpe tena fedha zangu azitunze?

JIBU: Hapana. Maneno hayo Yesu alimjibu Petro, Mathayo 18:21-22, na Petro aliuliza habari ya kusamehe, si ya kukabidhi mkoba. Luka 17:3-4 inaanza na kumwonya. Akitubu, samehe, hata mara saba kwa siku moja. Kwa hiyo mwambie waziwazi alichokosea, usimlipizie wala kumtangaza, na mlango wa salamu uwe wazi. Fedha zako zitunze mwenyewe. Akionyesha mabadiliko, mpe kidogo kwanza. Luka 16:10 imetaja uaminifu katika lililo dogo sana. Akiwa ni mtu wa kupiga au kutisha, kaa mbali naye na utafute msaada, kumsamehe utamsamehe ukiwa huko.